Prosesa Moja, RAM Mbili: Hotuba kwa Wanaojiandaa Kununua Kompyuta ya Mezani

Shikamooni wazee wetu. Vijana, habari zenu.

Asanteni kwa kuacha shughuli zenu na kuja. Humu ndani kuna wenye stationery, kuna walimu wanaotafutia ofisi ya shule kompyuta, kuna vijana wa studio za video za harusi, na kuna wanafunzi ambao wazazi wao wamejinyima ili mashine ipatikane. Pesa mnayokwenda kutoa si ndogo, na ikishaingia kwenye droo ya muuzaji kuitoa ni shughuli. Ndiyo maana leo nitazungumzia vitu viwili tu vilivyomo ndani ya kasha: prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na RAM, ile kumbukumbu ya muda inayoshika kazi ulizozifungua.

Nianze na lile ninaloliona kubwa kuliko yote. Vitu hivi viwili havichaguliwi kimoja kimoja. Ukishachagua prosesa umechagua soketi, yaani mahali inapokaa. Soketi inakuchagulia madabodi, ile bodi kuu inayounganisha kila kitu. Madabodi nayo inakuchagulia aina ya RAM. Mtu anayemaliza bajeti yote kwenye jina la prosesa, kisha kwenye RAM akachukua chochote kilichobaki rafuni, amelipia prosesa nzima na atatumia nusu yake.

Tuanze na jina, maana jina ndilo linalouza. Ukiingia dukani Kariakoo, au Luthuli pale Nairobi, neno la kwanza kuambiwa ni "Bosi, hii ni Core i7." Muulize: Core i7 ya mwaka gani? Core i7-3770 ilitoka mwaka 2012. Ina viini vinne na nyuzi nane, inafika kasi ya GHz 3.9, na RAM yake ni DDR3, aina iliyotangulia DDR4 na DDR5 za sasa. Core i3-12100 ilitoka mwanzoni mwa 2022. Nayo ina viini vinne na nyuzi nane, inafika GHz 4.3. Viini ni kama mafundi waliomo ndani ya prosesa, na nyuzi ni idadi ya kazi wanazoweza kuzishika kwa pamoja. Kwa kusoma tu, unaona mashine mbili zinazolingana. Zifanyishe kazi uone: ile i3 inaiacha i7 mbali, kwa sababu kiini cha kisasa kinamaliza kazi nyingi zaidi kwa kila pigo moja la saa yake. Tena orodha rasmi ya prosesa za Windows 11 kwa upande wa Intel, wanaotengeneza hizi Core, inaanzia kizazi cha 8, na i7-3770 ni ya kizazi cha 3, na Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo i7 peke yake haijakuambia kitu. Taka namba yote, mpaka herufi ya mwisho.

Namba ya Intel inasomwa hivi. Kwenye i5-12400F, 12 ni kizazi, 400 ni ngazi ndani ya kizazi hicho, na hiyo F ndiyo inayowaponza wengi. F maana yake prosesa haina sehemu ya picha ndani yake. Ukiinunua bila kadi ya picha, utaunga kila kitu sawasawa, utachomeka waya wa HDMI kwenye madabodi, na kioo kitabaki cheusi. Hakuna kilichoungua. Hakuna tu cha kutoa picha. K ni prosesa ambayo kasi yake haikufungwa. Inakula umeme zaidi, na ndani ya boksi lake hakuna feni. T ni ya umeme mdogo, wati 35, ile inayokaa kwenye vikompyuta vidogo vya ofisini. Tangu mwishoni mwa 2024 Intel wameleta jina la Core Ultra kwenye kompyuta za mezani, mfano Core Ultra 5 225, lakini F na K zimebaki na maana ileile.

Kwa AMD, washindani wa Intel wanaotengeneza prosesa za Ryzen, herufi zina mpangilio wake. Ryzen 5 5600G ina G, yaani ina sehemu ya picha yenye nguvu ya kutosha hata kwa michezo mepesi. Ryzen 5 5600 bila G haina picha kabisa. Ukienda familia ya 7000 na ya 9000, nyingi zimepewa sehemu ndogo ya picha ya kuendeshea kioo, isipokuwa zenye F kama 7500F. Na angalieni sana 5500 isije ikauzwa kama 5600. Zote zina viini sita, lakini 5500 ina MB 16 za kashe, ile kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, na 5600 ina MB 32. Tofauti hiyo inaonekana wazi kwenye michezo.

Sasa, kazi. Hapa ndipo pesa inapopotea au kuokolewa.

Stationery, ofisi ya shule, duka linalotunza hesabu kwa QuickBooks: kuchapa, kuskani, kujaza fomu za serikali mtandaoni, Excel imefunguliwa, Chrome ina kurasa ishirini. Kazi hizi kwa wakati mmoja zinategemea kiini kimoja au viwili vyenye kasi. Viini vingine vinakaa bure. Core i3-12100 inatosha, na Ryzen 5 5600G inatosha na kubaki. Msikubali kuuziwa viini kumi na viwili kwa ajili ya kuchapa barua. Tofauti ya bei iende kwenye RAM, na kwenye UPS.

Anayechora AutoCAD naye asidanganyike na wingi wa viini. Uchoraji wenyewe unakwenda kwa sehemu kubwa juu ya kiini kimoja, kwa hiyo tafuta kasi ya juu ya kiini. Viini vingi vitamsaidia pale tu anapotoa picha ya jengo ya 3D kwa prosesa. Mcheza michezo akumbuke kwamba kadi ya picha ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Achukue prosesa ya viini sita ya kisasa, kinachobaki akiweke kwenye kadi. Zile Ryzen zenye X3D mwishoni, kama 7800X3D yenye MB 96 za kashe, ni nzuri kweli kwa michezo, ila zinamfaa aliye na kadi kubwa tayari.

Ninyi wa video za harusi, naomba mnisikilize kwa makini, maana kosa lenu ni la peke yake. Kamera nyingi za sasa zinarekodi HEVC, namna ya kubana video, ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2, yaani rangi zenye maelezo mengi zaidi. Faili hiyo ni nzito kuifungua. Prosesa ikiifungua kwa nguvu ya viini vyake, unaona video inakatakata kwenye programu ya kuhariri ya Premiere Pro hata kama mashine ni ya bei. Sehemu ya picha ya Intel, kuanzia kizazi cha 11, ina kipande maalumu cha kufungua faili za namna hiyo. Kadi za picha za GeForce zilizotangulia mfululizo wa RTX 50 hazina uwezo huo kwa 4:2:2. Sasa tazama kinachotokea: kijana ana kadi nzuri ya picha, anaambiwa "chukua i5-12400F, ni rahisi kidogo, kadi si unayo?" Anaokoa pesa kidogo, halafu anapoteza kile kipande alichokihitaji kuliko vyote. Chukua 12400 isiyo na F. Ukiweza, chukua i5-12500, kwa sababu sehemu yake ya picha, UHD 770, ina injini mbili za video badala ya moja. Na ukishaweka kadi, ingia BIOS, ile programu ya madabodi inayoamka kabla ya Windows, uwashe kipengele kinachoitwa iGPU Multi-Monitor, kwa kuwa madabodi nyingi huzima picha ya prosesa pindi zikiona kadi. Usipoiwasha, ni sawa na kununua F.

Neno moja kwa wanaotamani i7 na i9 za kizazi cha 13 na cha 14, hasa zilizotumika. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba volteji iliyopita kiasi ilikuwa ikizichosha baadhi ya prosesa hizo mpaka zinaanza kugandisha mashine na kufunga programu ovyo. Walitoa marekebisho ya maikrokodi, yaani maelekezo ya ndani ya prosesa, 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba, na wakaongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho yanakuja kupitia BIOS. Yanakinga; hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Ukiuziwa iliyotumika bila risiti ya mwanzo, hujui ilipita kipindi gani na BIOS gani. Mimi nasema iache.

Tuje kwenye RAM.

Kwanza kiasi. Windows 11 ikiwa imewaka tu, hujafungua kitu, inashika kama GB 3 hadi 4. Prosesa yenye picha ndani yake haina kumbukumbu ya picha ya kwake, kwa hiyo inamega kwenye RAM. Ndiyo maana mtu wa 5600G mwenye GB 8 anafungua taarifa za mashine na kukuta ameandikiwa GB 8 zipo lakini zinazotumika ni GB 5.9, na anarudi dukani kugombana. Hakuibiwa, BIOS imetenga GB 2 kwa ajili ya picha. Lakini chukua GB 5.9, toa za Windows, kilichobaki ni cha Chrome peke yake. RAM ikijaa, Windows inaanza kuhamishia mambo kwenye diski na kuyarudisha, na hata SSD nzuri ni polepole mno ukiilinganisha na RAM. Ule mgando wa sekunde kadhaa unapohama kutoka Excel kwenda Chrome, mara nyingi chanzo chake ni hicho, na watu wanailaumu prosesa.

Kwa hiyo GB 16 ndiyo iwe kianzio cha kompyuta mpya. Kwa Photoshop, Premiere, AutoCAD yenye michoro mikubwa na michezo mipya, GB 32. GB 64 ni ya anayehariri 4K yenye tabaka nyingi au anayeendesha kompyuta pepe kadhaa ndani ya moja, na mwenye kazi hiyo anajijua.

Pili, na hapa ndipo nataka tukae kidogo: GB 16 hizo ziwe vipande viwili vya GB 8, si kipande kimoja cha GB 16. Prosesa za kawaida za mezani zina njia mbili za kwenda kwenye RAM. Kila njia ina upana wa biti 64, yaani baiti 8. RAM ya DDR4-3200 inapitisha mara milioni 3,200 kwa sekunde. Zidisha kwa baiti 8, unapata GB 25.6 kwa sekunde kwa njia moja. Weka kipande cha pili kwenye njia ya pili, unapata GB 51.2. Kwa DDR5-6000 hesabu ni GB 48 kwa kipande kimoja na GB 96 kwa viwili. Prosesa ni ileile, jumla ya RAM ni ileile, lakini barabara imepanuliwa mara mbili.

Kwenye kuandika barua hutaona tofauti kubwa. Kwenye prosesa inayotumia picha yake ya ndani utaiona siku hiyohiyo, kwa sababu picha inaishi kwenye RAM na inataka barabara pana kuliko kitu kingine chochote ndani ya mashine. 5600G yenye kipande kimoja ni mashine iliyofungwa kamba mguuni. Inasikitisha kuona ngapi zinauzwa hivyo, kipande kimoja cha GB 8 na nafasi ya pili tupu, na mnunuzi anaambiwa "utaongeza baadaye."

Tena wako watakaokuambia kwamba DDR5 kipande kimoja tayari ni njia mbili. Kuna chembe ya kweli inayotumika vibaya hapo. Kipande cha DDR5 kimegawanywa ndani katika njia ndogo mbili za biti 32 kila moja. Thelathini na mbili mara mbili ni sitini na nne. Upana ni uleule wa kipande kimoja. Bado unahitaji viwili.

Na viwili hivyo vina mahali pake. Kwenye madabodi yenye nafasi nne, hesabu kuanzia kwenye prosesa: weka ya pili na ya nne. Zimeandikwa A2 na B2 kwenye bodi yenyewe, kwa maandishi madogo meupe. Ukiweka ya kwanza na ya pili zikiwa jirani, umeziweka zote kwenye njia moja na ile hesabu ya kuzidisha kwa mbili imekufa. Kuhakikisha ni rahisi: pakua CPU-Z, ni programu ya bure, fungua ukurasa wa kumbukumbu, usome idadi ya njia. Kwa DDR5 itakuonyesha njia nne za biti 32. Usishtuke, ndizo mbili kamili.

Tatu, kasi. Namba mbili zinakwenda pamoja: kasi ya upitishaji, na CL, ambayo ni idadi ya mapigo ambayo RAM inasubirisha kabla ya kujibu. Chukua CL, zidisha kwa 2,000, gawanya kwa kasi. Jibu ni nanosekunde. DDR4-3200 CL16 ni nanosekunde 10. DDR4-3200 CL22 ni 13.75. DDR5-6000 CL30 ni 10. DDR5-4800 CL40 inapita 16. Mnaona kwamba neno DDR5 peke yake halimaanishi kusubiri kidogo. Linamaanisha barabara pana. Kwa DDR4, 3200 CL16 ndiyo ya kutafuta. Kwa Ryzen za soketi ya AM5, DDR5-6000 CL30 ndiyo inayokaa vizuri zaidi na prosesa. CL36 ikiwa nafuu, chukua bila majuto.

Lakini kasi iliyoandikwa kwenye pakiti haiji yenyewe. RAM ya 6000 ikichomekwa tu inaamka na 4800 au 5200. Ya DDR4-3200 CL16 inaweza kuamka na 2133, 2400 au 2666. Lazima uingie BIOS, kwa kitufe cha Delete au F2 mashine inapowaka, uwashe XMP kwenye Intel au EXPO kwenye AMD, ambayo ni mipangilio ya kasi kamili iliyohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe. Wengi wanatumia mashine miaka mitatu bila kufanya jambo hili la dakika moja. Halafu usigombane na mtu kwa sababu CPU-Z imekuonyesha 1600 wakati ulinunua 3200. RAM inapitisha mara mbili kwa kila pigo. 1600 mara mbili ni 3200.

Madabodi nayo ina mipaka yake. Madabodi ya aina ya H610 kwa prosesa za Intel hairuhusu kuivuka kasi rasmi ya prosesa, kwa hiyo DDR4-3600 ukiichomeka hapo itatembea kwa 3200. Anayetaka zaidi achukue B660 au B760.

Sasa unganisha haya na soketi. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288 na urefu uleule, lakini pengo lililochongwa chini haliko mahali pamoja, na umeme ni tofauti. Ikikataa kuingia, usiilazimishe. AM4 ya AMD ni DDR4 tu. AM5, iliyotoka Septemba 2022, ni DDR5 tu. Intel LGA1700, yaani kizazi cha 12, 13 na 14, inakubali moja kati ya hizo kulingana na madabodi, kamwe si zote kwa pamoja. Bodi nyingi za DDR4 zina herufi D4 au neno DDR4 mwishoni mwa jina. LGA1851 ya Core Ultra ni DDR5 tu. Na mwangalie msije mkauziwa RAM ya seva, ile ya ECC yenye rejista. Bei yake huvutia, na ile ya DDR4 inaingia kwenye nafasi vizuri kabisa, ila kompyuta ya kawaida haiwaki nayo.

DDR4 au DDR5, ipi basi? Miaka miwili iliyopita ningewajibu kwa haraka. Leo bei imeingilia kati. Tangu miezi ya mwisho ya 2025 bei ya RAM imepanda vibaya duniani kote, kwa kuwa viwanda vikubwa vya kumbukumbu, Samsung, SK hynix na Micron, vimeelekeza uzalishaji kwenye seva za akili unde. Desemba 2025 Micron walitangaza kuiacha kabisa biashara yao ya Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Kwa hiyo aliye na vipande viwili vizuri vya DDR4 kwenye mashine ya zamani asivitupe. Ajenge juu ya AM4 au LGA1700 ya DDR4, aweke 5600G au i5-12400, na atafanya kazi zake miaka mingi. Anayeanza kutoka sifuri na anataka mashine itakayokubali prosesa mpya baadaye, aende AM5 na Ryzen 5 7600, ambayo ni ya wati 65, ina picha ya kuendeshea kioo, na huja na feni ndani ya boksi. AMD wameahidi kuiendeleza soketi hiyo hadi 2027 na kuendelea. LGA1700 haitapata kizazi kipya.

Ila kwenye AM5 usipange kuanza na vipande viwili na kuongeza viwili vingine. AMD wenyewe wanaandika kwamba Ryzen za 7000 zinakwenda DDR5-5200 kwa vipande viwili, na zikijaa nne zinashuka hadi 3600. Kama unajua utahitaji GB 32, nunua viwili vya GB 16 mara moja, ndani ya pakiti moja. Kuchanganya pakiti tofauti kunaweza kukubali na kunaweza kukataa. Mara nyingi zote hushuka hadi kasi ya ile dhaifu, na wakati mwingine mashine inazimika ovyo bila kukuambia kwa nini.

Kuna jambo la umeme ambalo kwetu hatuwezi kulipita. Madabodi iliyokaa dukani muda mrefu inaweza kuwa na BIOS ya zamani isiyoijua prosesa mpya: B650 ya mwanzo ukiipa Ryzen 9600X, au B660 ukiipa kizazi cha 14. Inabidi BIOS isasishwe kwanza. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi inaweza isiwake tena. Sasisha ukiwa juu ya UPS yenye betri nzima, au muombe muuzaji afanye mbele yako kabla hujalipa. Bodi yenye kitufe cha BIOS Flashback nyuma yake ina thamani zaidi kwetu kuliko kwa mtu wa mahali ambapo umeme haukatiki, kwa sababu inaweza kuandikwa upya kwa flashi hata ikiwa imekwama.

Na joto. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya hewa iliyomo chumbani. Chumba cha Mombasa au Dar kisicho na kiyoyozi kinafika nyuzi 32 mchana. Ongeza vumbi, ongeza kasha lililosukumwa ukutani. Prosesa ya kisasa ikifika kikomo chake, nyuzi 95 kwa Ryzen 7000 au 100 kwa Core nyingi, inajipunguzia kasi ili isiungue, na ile kasi uliyoilipia huipati. Kwa sababu hiyo napendekeza prosesa za wati 65 kwa vyumba vyetu. Fahamuni tu kwamba wati 65 ni za msingi: i5-12400 ikisukumwa inafika 117, na Ryzen ya wati 65 inaruhusiwa hadi 88.

Kama mtaunga wenyewe, twende taratibu. Prosesa ina pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye pembe moja, na soketi ina alama kama hiyo. Zikutanishe, iachie prosesa ishuke kwa uzito wake. Ikihitaji kusukumwa, haijakaa. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa. Kwenye AM5 na LGA ziko kwenye bodi, laini kama nywele, na kidole kimoja kikigusa basi. Kifuniko cha plastiki kilichokuwa juu ya soketi kitunzeni, maana wauzaji wengi hawapokei bodi bila hicho. Pesti ya joto iwe kama punje ya mbaazi, katikati. Kama feni ilikuja na pesti imeshapakwa chini yake, usiongeze. Siku ya kuitoa feni kwenye AM4, washa mashine kwanza dakika kumi ipate joto, zima, chomoa waya wa umeme, zungusha feni kushoto na kulia ndipo uivute. Ukiivuta baridi inatoka na prosesa ikiwa imegandia chini yake, na pini zinapinda.

RAM nayo: fungua kishikizo, linganisha pengo, kandamiza kwa vidole gumba viwili kwenye ncha zote mbili mpaka usikie mlio. Bodi nyingi za sasa zina kishikizo upande mmoja tu, na upande usio na kishikizo ndio unaobaki juu kwa milimita moja bila kuonekana. Mashine isiyotoa picha baada ya kuungwa, mara nyingi ni hapo, au ni waya wa pini nane wa umeme wa prosesa uliosahaulika juu kushoto mwa bodi. Na kwenye AM5, uwashaji wa kwanza unaweza kukaa na kioo cheusi dakika kadhaa wakati bodi inaipima RAM. Ipe dakika kumi. Anayezima na kuwasha kila sekunde thelathini anairudisha mwanzo kila mara.

Ikishawaka na XMP au EXPO imewashwa, weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iwashe mashine kutoka kwenye flashi hiyo, anza jioni, iache imalize mizunguko yake minne. Kosa hata moja halivumiliki, kwa sababu RAM yenye kosa inaharibu faili kimyakimya wiki nzima kabla hujashtuka. Ikitoa kosa, zima XMP upime tena. Makosa yakiendelea, pima kipande kimoja kimoja kwenye nafasi ya A2. Kitakachotoa kosa kirudishwe, pamoja na mwenzake wa pakiti. Kwa ajili hiyo, kabla hamjatoka dukani, mwambieni muuzaji asiandike kwenye risiti "CPU na RAM 16." Aandike i5-12500, ya boksi na yenye feni, aandike DDR4-3200 CL16, GB 8 mara mbili, na namba zilizoko kwenye lebo ya kila kipande.

Karibuni maswali, na mwenye kasha lake alilete hapa mezani tulifungue.